Kabla ya Kununua Fowili, Ipime Njia ya Kihambani

Mtu wa Himo anayetafuta gari la mtumba hakosi kupewa ushauri uleule na dalali, na fundi, na shemeji: chukua Subaru, chukua lenye fowili, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne, huku kwetu ni mlimani. Ushauri huo ni kweli nusu, na nusu ya pili ndiyo inayomaliza fedha za watu. Himo ni njia panda chini ya mlima Kilimanjaro. Lami inakwenda magharibi hadi Moshi, mashariki hadi mpakani Holili, kusini kupitia Mwanga na Same kuelekea Tanga na Dar es Salaam, na kaskazini inapanda Marangu, inapita Mwika na kuizunguka Rombo mpaka Tarakea. Mwenye duka pale mjini anaweza kumaliza mwaka akienda hospitali ya KCMC mjini Moshi, akifuata mzigo Holili na kuwatembelea wazazi Marangu, bila tairi lake kugusa tope. Mlima upo, ila mlima wenye lami haudai fowili. Magari ya abiria yanayovuta kwa magurudumu mawili tu yanaupanda kila siku yakiwa yamejaa. Jambo linaloamua ni kipande cha mwisho, ile njia ya udongo inayochepuka kuingia vihambani, kwenye mashamba ya familia, kule Kilema, Kirua, Mamba au Mwika: ina urefu gani, inainuka kiasi gani, na kwa mwaka unalazimika kuipita mara ngapi ikiwa imelowa. Ambaye kipande hicho kinamkwamisha katika kazi yake, fowili inamfaa. Wengine wote watakuwa wanalipia kila siku kitu wanachokitumia kwa nadra.

Tusiidharau lakini, maana inachokifanya ni cha kweli. Stesheni wagoni nyingi za bei nafuu, kama Toyota Corolla Fielder ya kawaida, Probox na Succeed, zinavuta kwa magurudumu ya mbele. Kwenye tambarare huo ni mpango mzuri, kwani uzito wa injini unayakandamiza magurudumu yanayovuta. Ukianza kupanda, uzito unahamia nyuma. Ukiwa umepakia mikungu ya ndizi au mifuko ya saruji, unahama zaidi, na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi palepale unapotaka yashike. Udongo mwekundu wa mlimani ukishanyeshewa huteleza vibaya. Tairi linazunguka, gari limesimama. Gari linalopeleka nguvu kwa magurudumu yote manne linayatumia magurudumu ya nyuma, ambayo wakati huo ndiyo yaliyobeba uzito. Chimbuko lenyewe la magari haya linaeleza mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye milima yenye theluji, gari jepesi na la starehe kuliko jipu. Jibu la Subaru liliingia sokoni mwaka 1972 kwa jina la Leone. Waliolihitaji walikuwa watu ambao umeme ukikatika hawawezi kusema watakwenda barabara ikikauka.

Sasa upande ambao madalali huuruka. Fowili inasaidia kuondoka na kupanda, kusimama haisaidii. Kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, liwe na fowili au lisiwe nayo, na kinacholisimamisha ni mshiko wa tairi na udongo. Kushuka kwa gia ndogo ni jambo jema, na gari la fowili huugawa ule uzuiaji wa injini kwa magurudumu manne, lakini likishaanza kuserereka kuelekea kwenye mfereji wa jirani halina ujanja zaidi ya Probox. Hatari yake ni kwamba linakupandisha kwa urahisi hadi mahali ambapo kushuka kwake ni shida. Halafu kuna tumbo. Njia nyingi za vihambani hazimkwamishi mtu kwa utelezi peke yake. Maji ya masika yamechimba mifereji katikati na kuyaacha mawe yametokeza. Subaru Legacy ya kawaida ina nafasi ya milimita 150 hivi kutoka ardhini, wakati ndugu yake Outback ina takribani 200. Hizo sentimita tano zina thamani kuliko nembo yoyote iliyobandikwa nyuma. Kuna pia Fielder za fowili, na watu huzinunua wakidhani wamepata jipu dogo. Zile zilitengenezwa kwa ajili ya theluji ya mijini Japani: magurudumu ya nyuma yanaanza kusaidia pale ya mbele yanapoteleza, na tumbo linabaki chini karibu sawa na la Fielder nyingine. Mwenye gari la magurudumu mawili aliyeweka tairi nzuri zenye kashata nene anaweza kupita mahali ambapo Legacy yenye tairi zenye vipara inaomba kusukumwa.

Gharama inaanza kabla gari halijafika. Kwa anayeagiza Japani, viwango vilivyozoeleka ni ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi cc 2,000, lakini asilimia 10 ikizidi hapo. Outback na Legacy za cc 2,500 zinaingia kwenye kundi la juu, Fielder ya cc 1,500 inabaki la chini. Gari likiwa na zaidi ya miaka 10 linaongezewa ushuru wa uzee wa asilimia 30. Kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kilichoko mtandaoni kitakupa jumla ya mwaka huu, na ni vizuri kukifungua kabla ya kumsikiliza wakala. Baada ya hapo ni mafuta. Chukua mfano wa mtu anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari la kilomita 13 kwa lita litakunywa lita 923; la kilomita 9 kwa lita litakunywa 1,333. Tofauti ni lita 410, na tukiweka bei ya shilingi 3,000 kwa ajili ya hesabu tu, ni shilingi 1,230,000 kila mwaka. Nani asiyeweza kununua seti nzima ya tairi nzuri kwa fedha hizo? Isitoshe, tangu bajeti ya 2017/18 ilipofuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, mwenye gari lenye kiu anailipa serikali zaidi kila anapojaza tangi, hata kama gari lake halijapita njia ya udongo tangu Pasaka.

Tairi zenyewe ni sura nyingine, na nadhani hapa ndipo wengi huumia bila kujua kilichowaumiza. Desturi yetu ni kununua tairi mbili mwezi huu, nyingine mbili Mungu akijalia, na ya akiba inatoka popote. Kwa gari la magurudumu mawili desturi hiyo si nzuri, ila haiui gia boksi. Subaru inataka tairi zote nne ziwe sawa, tofauti ya mzingo isizidi takribani milimita 6, ambazo kwenye kina cha kashata ni kama milimita moja tu. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa. Mfumo unaounganisha mbele na nyuma unadhani kuna gurudumu linaloteleza, nao unafanya kazi muda wote, hata kwenye lami iliyonyooka ya kwenda Moshi. Unapata joto, unachakaa, na mwisho gari linaanza kujivutavuta na kugoma kwenye kona. Spea yake si ya kuokota gereji yoyote. Kwa hiyo anayejijua kuwa hawezi kutoa bei ya tairi nne kwa mkupuo asinunue gari hili, hata akiuziwa kwa bei ya kutupa. Pengine bei ya kutupa ni kwa sababu mwenyewe naye hakuweza.

Watu wa huku wana jibu lao: na Desemba je? Wachagga wakirudi nyumbani Krismasi, yaani wakija kuhesabiwa kama utani unavyosema, gari likikwama getini kwa babu ni aibu ya mwaka mzima. Aibu naielewa. Lakini kununua gari kwa ajili ya wiki mbili ni sawa na kulipia chumba cha wageni mwaka mzima kwa mgeni anayekuja Krismasi. Mvua za Desemba ni mkia wa vuli. Tope lenyewe ni la masika, Machi hadi Mei, wakati wanaohesabiwa wamesharudi Dar es Salaam. Anayekaa mjini na kupanda kijijini mara chache anaweza kuliacha gari kwenye lami na kumlipa bodaboda kwa kipande kilichobaki, na hata akifanya hivyo mara 30 kwa mwaka hataikaribia ile milioni ya mafuta. Wengine husema Subaru ni gari la mashindano, na kwamba Colin McRae alishinda nalo Safari Rally hapo Kenya mwaka 1997. Ni kweli alishinda, akiwa na Impreza iliyojengwa mahususi na kundi la mafundi lililomngojea kila kituo. Legacy ya miaka 18 iliyopaki chini ya mwembe haina hata mkanda mpya wa taimingi.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama: kwamba gari la fowili linatulia barabarani, na familia inastahili utulivu huo. Kwenye lami iliyolowa, wakati wa kukanyaga mafuta kutoka kwenye kona, ndiyo, linatulia. Ila shida kubwa ya mteremko wa Marangu kuja Himo ni breki zilizopata moto na tairi zilizokwisha, na fowili haigusi lolote kati ya hayo. Fedha ileile ikiwekwa kwenye pedi, shokapu na tairi za gari la kawaida inawalinda watoto siku zote 365.

Nani basi anunue? Muuguzi anayekaa kihambani kilomita tatu kupanda kutoka kwenye lami na ambaye zamu yake haingoji barabara ikauke. Mfanyabiashara wa ndizi anayepakia shambani alfajiri katikati ya Aprili. Mwalimu, mchungaji, fundi wa maji, yeyote ambaye njia yake ya kila siku ni udongo wenye mwinuko. Kwa hao ningesema Outback au Forester kabla ya Legacy, kwa sababu ya tumbo, na ningesema waipande hiyo njia yao na gari lenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Bahati nzuri Himo ina kipimo ambacho yadi za Dar es Salaam hazina: barabara ya Marangu, kama kilomita 13 za kupanda. Washa injini ikiwa baridi, panda bila kupumzika, na uutazame mshale wa joto. Injini za Subaru za cc 2,500 za kizazi cha EJ zinajulikana kwa kuvujisha gasketi ya silinda hedi. Ukifika juu acha injini iungurume na uangalie chupa ya maji ya rejeta. Mapovu yanayoendelea kutoka ni sababu ya kurudisha ufunguo. Kisha tafuta uwanja mpana, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole: likijivutavuta, mfumo wa fowili umeshaumia. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kwani kwenye injini hizo unapaswa kubadilishwa takribani kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hugongana na pistoni. Lala chini uangalie kutu, kwa kuwa magari mengi ya fowili yametoka mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi.

Usidanganyike na namba pia. Gari la namba D si lazima liwe changa kuliko la namba C; herufi inaonyesha lilisajiliwa lini Tanzania, na linaweza kuwa lilikwisha kutembea miaka 15 Japani kabla ya kupakiwa melini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Jina lililoko kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, faini za barabarani ziangaliwe kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako mpaka TRA wamebadilisha umiliki.