Programu mpya ya kompyuta: Asiyeona ataweza kuitumia?

Tangu mwaka 2022, mpango wa Silicon Zanzibar umekuwa ukizialika kampuni za teknolojia kuweka ofisi Fumba, Unguja. Programu inayotengenezwa hapo inaweza kuishia kwenye kompyuta ya hoteli, duka la dawa au ofisi ya Serikali. Je, mfanyakazi asiyeona ataiweza?

Asiyeona hutumia kisoma skrini, yaani programu inayotamka kilichopo kwenye kioo. Maarufu ni JAWS, ambayo hulipiwa, na NVDA, ambayo ni ya bure. NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Sauti yake ya eSpeak inasoma Kiswahili pia.

Lakini kisoma skrini hakibahatishi. Kinategemea taarifa ambazo programu huipa Windows kuhusu kila kitufe: jina, aina na hali yake. Mtengenezaji akibandika picha ya diski bila kuandika jina "Hifadhi", asiyeona husikia "kitufe" basi. Cha kuhifadhi au cha kufuta? Hajui.

Kupima kunaanza hivi:

1. Mausi iwekwe pembeni. Kazi zote zifanywe kwa kibodi, kwa kuhama na Tab. Pakikwama, hapo pana kasoro.

2. NVDA iwashwe, kioo kizimwe. Fomu ijazwe mwanzo hadi mwisho kwa kusikiliza tu.

3. Kosa lifanywe makusudi. Onyo likitokea kwa rangi nyekundu bila kutamkwa, asiyeona atabonyeza weee bila kujua tatizo liko wapi.

4. Kila toleo jipya lipimwe upya. Kilichofanya kazi jana kinaweza kuharibika leo.

Baada ya hapo aitwe mtumiaji asiyeona, na alipwe kwa kazi hiyo. Anayeona tayari anajua kitufe kilipo, hivyo hata akizima kioo anakumbuka njia. Asiyeona ndiye atakayegundua pale anapopotea.

Hili si suala la hisani. Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaotaka teknolojia ya habari iwafikie nao. Ofisi ikibadili programu bila kupima, karani hodari asiyeona anaweza kukaa bila kazi ya kufanya. Ujuzi anao, ila kitufe hakina jina.