Kutoka Mashine ya Kufuma Hadi Probox: Jinsi Biashara ya Familia Inavyovuka Vizazi

Simama kando ya barabara yoyote Kenya kwa dakika kumi, utahesabu Probox, Hiace na Land Cruiser hadi uchoke. Jina la magari haya limetokana na jina la familia, akina Toyoda wa Japani. Na biashara yao haikuanza na magari. Ilianza na mashine ya mbao ya kufuma nguo, iliyobuniwa na mtoto wa seremala.

Tunaieleza hadithi hii kwa sababu wateja wetu wengi wana biashara za namna hiyo: karakana ya kuchomelea vyuma, posho mill, chumba cha kushona sare za shule, mashine ya kufyatua matofali. Baba au mama alianzisha, watoto wanasaidia. Swali ni moja tu. Mwanzilishi akichoka, akiugua au akiondoka duniani, biashara itaendelea ama itazikwa naye?

Ukiifuatilia familia ya Toyoda utaona kitu kimoja kikijirudia. Kila biashara ilipofika njia panda, pesa yake na maamuzi yake vilitengwa zaidi na mfuko wa mtu mmoja. Hebu tuone ilivyokuwa.

Kizazi cha kwanza: fundi na mashine yake

Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867 kijijini. Baba yake alikuwa seremala, na mama yake alifuma nguo nyumbani kwa mkono kama akina mama wengi wa kijiji kile. Sakichi aliona jinsi kazi hiyo ilivyokuwa ngumu, akaanza kujaribu kutengeneza mashine ya kuirahisisha. Mwaka 1891 alipata hataza ya mashine yake ya kwanza ya mbao, yaani haki ya kisheria kwamba ubunifu huo ni wake.

Haikuwa mteremko. Mwaka 1907 alianzisha kampuni pamoja na wawekezaji wengine, na mwaka 1910 akalazimika kuiacha baada ya kutoelewana nao. Akaanza upya. Safari hii alifungua kiwanda chake cha kufuma nguo mjini Nagoya, na mapato ya kitambaa yakawa ndiyo yanayolipia majaribio ya mashine mpya. Yaani alikuwa na kazi ya kuleta pesa leo, na kazi ya kuleta pesa kesho, na ya kwanza ilikuwa ikilisha ya pili.

Mwaka 1924 yeye na mwanawe Kiichiro walikamilisha mashine iliyowapa jina duniani. Mashine zake zilikuwa na sifa moja ya ajabu: uzi ukikatika, mashine inasimama yenyewe. Haiendelei kufuma kitambaa kibovu hadi jioni ndipo mtu agundue hasara. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Kizazi cha pili: pesa ya nguo ikazaa gari

Mwaka 1926 familia ilianzisha kampuni ya kutengeneza mashine hizo. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, iliyokuwa kati ya watengenezaji wakubwa wa mashine za nguo duniani, ilikubali kununua haki za ubunifu huo kwa pauni 100,000. Sakichi alifariki mwaka uliofuata, 1930.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mzee ameondoka, pesa ipo, na kila mtu ana mpango wake. Lakini Kiichiro alikuwa amesomea uhandisi wa mitambo chuo kikuu, na tayari alikuwa amefanya kazi na baba yake kwa miaka. Mwaka 1933 alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda kile kile cha mashine za kufuma. Faida ya kazi ya zamani ikabeba majaribio ya kazi mpya, kama alivyofanya baba yake.

Mwaka 1937 magari yakapewa kampuni yake yenyewe. Rais wa kwanza kuiongoza hakuwa Kiichiro. Alikuwa Risaburo, mume wa dada yake, aliyekuwa ameingia katika familia na kuchukua jina lao. Risaburo alijua mambo ya biashara, Kiichiro alijua mitambo. Kila mmoja alipewa kazi anayoiweza.

Na kabla ya hapo, mwaka 1936, walikuwa wamebadilisha jina la gari kutoka Toyoda kuwa Toyota. Sababu moja ilikuwa kwamba jina jipya huandikwa kwa mikwaju minane kwa Kijapani, na nane ni namba ya bahati. Sababu nyingine ni kwamba walitaka jina la biashara lisiwe jina la mtu. Kuanzia hapo familia ilikuwa na jina lake, na gari lilikuwa na lake.

Mwaka 1950: mambo yalipokwama

Baada ya Vita Vikuu vya Pili uchumi wa Japani ulibanwa sana. Toyota ilikuwa ikiuza magari kwa mkopo, na wateja wakashindwa kulipa. Kampuni ikakosa hata pesa ya mishahara. Benki zilikubali kuiokoa kwa masharti, na moja lilikuwa kwamba kazi ya kuuza magari itengwe na kazi ya kuyatengeneza, ziwe kampuni mbili. Wafanyakazi waligoma, wengi wakapoteza kazi, na Kiichiro akajiuzulu ili kubeba lawama.

Aliyeshika usukani alikuwa Taizo Ishida, mtu asiye wa ukoo huo, aliyekuwa akiongoza kiwanda cha mashine za kufuma. Alijulikana kwa ubahili wa pesa za kampuni. Mwaka huo huo vita vya Korea vilianza, na jeshi la Marekani likaagiza malori mengi. Kampuni ikapumua. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa ilikuwa kweli kabisa.

Kiichiro alifariki mwaka 1952. Familia ilirudi kwenye uongozi mwaka 1967 kupitia Eiji, binamu yake, kisha mwaka 1982 kupitia Shoichiro, mwana wa Kiichiro. Mwaka 1995 kiti kikaenda tena kwa watu wasio wa familia. Akio, mwana wa Shoichiro, akakishika kuanzia 2009 hadi 2023, alipompisha Koji Sato, ambaye si wa ukoo. Siku hizi familia ina sehemu ndogo tu ya hisa. Lakini kazi iliyoanza na mbao bado inaendelea.

Sasa karakana yako inaingia wapi?

Tuseme una karakana Kamukunji, mnatengeneza masanduku ya chuma ya wanafunzi. Januari mmeuza masanduku 60 kwa shilingi 2,500 kila moja. Simu ya baba imeingiza shilingi 150,000. Ukitazama salio, unaona utajiri.

Lakini shiti za chuma na rangi zimekula 84,000. Mishahara, ya baba ikiwemo, ni 30,000. Kodi na stima ni 12,000. Jumla ni 126,000, kwa hivyo faida halisi ni 24,000. Sasa Januari hiyo hiyo kuna karo ya shilingi 70,000, na pesa yote iko kwenye laini moja. Baba analipa karo. Zinabaki 80,000, na bili za 126,000 zinangoja. Pengo ni 46,000. Februari mnachukua shiti kwa deni.

Hapo hakuna mwizi. Kila shilingi ilienda mahali pazuri. Lakini karakana imepungua, na mwaka ujao itapungua tena. Hiki ndicho kitambaa kinachoharibika bila mashine kusimama. Ungegundua uzi umekatika siku ile ile kama pesa ya kazi ingekuwa na mahali pake.

Basi fanya haya manne:

1. Tenga laini ya biashara na laini ya nyumbani. Mteja alipe kwa till au paybill ya biashara, si kwa namba ya baba. Kila mtu wa familia anayefanya kazi alipwe mshahara unaojulikana, utumwe kwenye laini yake mwenyewe. Karo itoke kwenye mshahara na kwenye sehemu ya faida mliyokubaliana, si kwenye pesa ya shiti.

2. Soma taarifa ya miamala kila wiki. Mali bila daftari huisha bila habari. Siku moja kwa wiki, kaeni watu wawili au zaidi, mlinganishe pesa zilizoingia na kazi zilizotoka. Mtoto anayetarajiwa kurithi karakana awe mmoja wao. Kiichiro hakujifunzia biashara matangani, alijifunza baba yake akiwa hai.

3. Biashara isikae ndani ya kitambulisho cha mtu mmoja. Hili ndilo huumiza watu zaidi. Mwenye laini akifariki, pesa iliyo ndani inakuwa sehemu ya mirathi. Kwa kawaida familia itahitaji cheti cha kifo na hati za mahakama za kusimamia mali ya marehemu kabla ya kuipata. Hiyo inaweza kuchukua muda mrefu, na wakati huo wenye shiti wanadai, na wateja waliolipa amana wanataka masanduku yao. Usitoe pesa kwa PIN ya marehemu hata kama unaijua, maana kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria ni kosa.

Kampuni iliyosajiliwa ni kitu tofauti. Kisheria kampuni ni mtu anayejitegemea, na haifi mwenye hisa anapofariki. Akaunti ikiwa kwa jina la kampuni, na wakurugenzi wakiwa zaidi ya mmoja, kazi inaweza kuendelea. Kumbuka kwamba kusajili jina la biashara pekee hakutoshi kwa jambo hili, kwa sababu jina la biashara halitengani na mwenyewe. Zungumza na wakili kuhusu njia inayokufaa, na kuhusu wosia.

4. Gawa kazi kwa uwezo, si kwa umri. Kifungua mimba anaweza kuwa fundi mzuri na asijue hesabu. Mkwe anaweza kujua kuuza kuliko nyote. Na kama hakuna wa familia anayeiweza kazi fulani, mwajiri mtu wa nje na mmpe mamlaka kweli. Kila mtu awe na namba yake ya kuingilia kwenye mfumo, na PIN yake mwenyewe. Kugawana PIN moja si kuaminiana, ni kuficha aliyefanya nini.

Anzia hapa

Huhitaji kiwanda ndiyo uanze. Wiki hii, chukua taarifa ya miamala ya mwezi uliopita na kalamu mbili za rangi tofauti. Weka alama moja kwa pesa za kazi na nyingine kwa pesa za nyumbani. Kama rangi zimechanganyika ukurasa mzima, umeshaona uzi ulipokatika.

Halafu uliza swali moja mezani, mzee akiwepo: kesho asipoamka na nguvu, ni nani atakayelipa mafundi Jumamosi, na kwa laini ipi? Kama hakuna jibu, tembelea kituo chetu cha huduma kwa wateja na kitambulisho chako na hati za biashara, tukueleze jinsi ya kuhamishia malipo kwenye akaunti ya biashara.