Sumu Ndani ya Programu

Ndugu wafanyakazi, twaambiwa tuchukue programu kwa mwenyewe, tutakuwa salama. Hiyo peke yake haitoshi. Machi 2016, programu ya kugawana mafaili iitwayo Transmission, toleo 2.90 la kompyuta za Apple, ilitiwa sumu kwenye tovuti yake yenyewe. Sumu hiyo, KeRanger, ilijificha siku 3. Kisha ilifunga mafaili kwa ufunguo wa siri, yasisomeke, ikadai bitikoini 1, yapata dola 400 wakati huo.

Ingekuwa kompyuta ya tawi letu, daftari la wanachama na hesabu za michango vingepotea, na mwajiri angetuuliza wanachama wetu wako wapi. Makatibu, wekeni nakala mahali pasipounganishwa na kompyuta. Mwenye nakala hamlipi mwizi.