Usiache mbachao: Jinsi ya kutunza faili za kuwashia Linux

Tarakilishi ikikataa kuwaka punde tu baada ya mfumo wake kusasishwa, wengi hukata kauli kwamba diski imekufa na kazi zote zimepotea. Aghalabu sivyo. Katika tarakilishi zinazotumia Linux, hasa ya Ubuntu, kiini cha tatizo huweza kuwa sehemu ndogo ya diski ambayo mwenyewe hajawahi kuichungulia: /boot.

Humo mna faili tatu muhimu. Ya kwanza ni kaneli, yaani moyo wa mfumo, ambayo jina lake huanza kwa vmlinuz. Ya pili ni initrd.img, inayobeba programu ambazo kaneli huzihitaji ili iifikie diski kuu. Ya tatu ni grub.cfg, orodha inayosomwa na programu ya GRUB ili ijue kaneli ipi iwashwe na iko wapi.

Tatu hizi ni kama mafiga: moja likikosekana, chungu hakiinjikiki. Kaneli isiyo na initrd.img yake mara nyingi hushindwa kuifikia diski, ikakwama papo hapo. Nayo orodha ikitaja kaneli iliyokwisha kufutwa, GRUB itaitafuta isiipate.

Shida hujengeka polepole. Ubuntu inapoleta kaneli mpya, haiifuti ya awali bali huziweka pamoja, kila moja na nambari ya toleo lake. Pale /boot ilipotengewa sehemu yake yenyewe, kama ilivyo kawaida diski nzima inapolindwa kwa nywila, nafasi huweza kujaa baada ya matoleo machache. Hapo usasishaji hukatika njiani: kaneli mpya imewekwa, lakini initrd.img yake haikukamilika.

Dawa ni kusafisha kabla ya kujaa. Amri ya df -h /boot huonyesha nafasi iliyosalia. Nayo uname -r hutaja kaneli inayotumika wakati huo, ambayo haifai kuguswa. Kisha sudo apt autoremove --purge huondoa zilizopitwa na wakati, huku kwa kawaida ikibakiza inayotumika na iliyo mpya zaidi.

Kufuta faili hizo kwa mkono ni hatari, kwa kuwa mfumo unaosimamia programu huendelea kuamini kwamba zingalipo. Usasishaji uliokatika hukamilishwa kwa sudo dpkg --configure -a, mradi nafasi imepatikana. Hatimaye, sudo update-grub huiandika orodha upya ilingane na faili zilizomo.

Je, ikiwa mambo yamekwisha kuharibika? Mwenye tarakilishi huizima, akaiwasha tena huku akibonyeza kitufe cha Shift, au Esc katika mashine za kisasa, hadi orodha ya GRUB itokeze. Katika chaguo za ziada za Ubuntu, ataikuta kaneli ya awali na kuichagua. Ikiwa ni mpya pekee iliyokuwa na hitilafu, mashine itawaka na faili zake zote zitakuwa salama.

Kwa sababu hiyo, haifai kuiondoa kaneli ya zamani kabla ya ile mpya kuwaka na kuthibitika kwamba intaneti, sauti na printa zinafanya kazi. Wahenga walionya mtu asiache mbachao kwa msala upitao.