Kilwa: Mji Uliopimwa kwa Boriti

Wiki hii nitaanza na habari ya nyumbani kwetu, kisha tusafiri pamoja hadi Kilwa, halafu turudi.

Marehemu bibi yetu mzaa mama alituachia nyumba pale Mikindani, mwendo wa kilomita kama kumi hivi kutoka Mtwara mjini. Ni nyumba ya zamani, kuta zake nene za mawe ya matumbawe, mbele ina baraza. Miaka michache iliyopita chokaa ilianza kubanduka. Mimi, kwa kujiona nimeelimika, nikatuma fedha, ukuta ukapigwa lipu ya saruji nzito nzito. Ulipendeza kweli. Lakini baada ya misimu mitatu ya mvua, lipu ile ilidondoka vipande vipande, tena ikaondoka na mawe. Fundi mmoja mzee wa hapo mtaani alikuja, akapapasa, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akaniambia, "ukuta huu ulikuwa unapumua. Wewe umeuziba pumzi."

Sasa mjomba, ambaye ndiye mkubwa wetu katika ukoo, anasema nyumba ibomolewe, mawe yauzwe, tujenge ya tofali. Nilimwomba anipe muda. Nikapanda basi kwenda Kilwa, kwa sababu nilitaka kuelewa watu waliojenga kwa mawe haya walikuwa wakifikiri nini. Niliyoyakuta huko ndiyo mazungumzo ya leo.

Wengi wetu tukisikia "magofu ya Kilwa" tunaona akilini kuta zilizobomoka na popo. Tusiyatazame hivyo. Kilwa Kisiwani ulikuwa mji, na mji una mpango wake. Uko upande wa kaskazini-magharibi ya kisiwa, ukielekea bara, mahali ambapo majahazi hupata maji matulivu. Katikati upo Msikiti Mkuu. Kuuzunguka kulikuwa na nyumba, misikiti midogo, visima na makaburi. Ufukweni leo linaonekana Gereza, yaani ile ngome ambayo Wareno waliianza walipouteka mji mwaka 1505, na ambayo baadaye Waarabu wa Oman waliijenga upya. Upande wa magharibi kuna Makutani, jumba la masultani wa baadaye. Mashariki, mbali kidogo na mji, juu ya jabali linalotazama bahari, lipo Husuni Kubwa.

Tuanze na msikiti, kwani ndani yake mtu anaweza kuisoma historia ya ufundi kama asomavyo kitabu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi. Ni chumba cha kadiri, na paa lake lilikuwa la bapa, likibebwa na nguzo tisa. Mwanzoni mwa karne ya 14, mji ulipotajirika kwa biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliongeza sehemu kubwa upande wa kusini, yenye kuba. Nguzo za nyongeza hiyo zilichongwa kila moja katika jiwe moja zima la tumbawe. Ulikuwa ufundi wa kujivunia, lakini jengo halikudumu, likaanguka. Katika karne ya 15 waliojenga upya hawakurudia kosa. Walisimamisha nguzo za pembe nane, za mawe madogo yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Nyingi ya nguzo hizo zimesimama hadi leo. Kumbe na wao walijifunza kwa hasara, kama mimi na saruji yangu!

Je, vifaa vyenyewe vilikuwa vipi? Vilikuwa vya namna tatu, na vyote vilitoka hatua chache tu kutoka mlangoni. Kwanza, jiwe gumu la matumbawe ya kale lililochimbwa nchi kavu. Hilo lilijaza kuta. Pili, tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa bado bichi. Likiwa na maji huchongeka kwa urahisi, na likikauka hukaza. Kwa hilo walichonga mihrabu, vizingiti, miimo ya milango na mapambo. Tatu ni chokaa, iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Chokaa ndiyo iliyoyashika mawe, na ndiyo iliyokuwa lipu.

Sasa niwaulize jambo. Mkiingia katika nyumba za kale za Kilwa, au za Songo Mnara, kisiwa jirani upande wa kusini, mtaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wake ni kama mita 2 na nusu hadi 3, hauzidi sana hapo. Kwa nini? Wengine hudhani watu wa kale walipenda kubanana. La, hasha! Sababu ni boriti. Dari zilikuwa za mawe na chokaa, nzito mno, na zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa haiwezi kwa urahisi, lakini urefu unaoweza kubeba mzigo wa namna hiyo una mpaka wake. Basi mti wa pwani ndio uliopima chumba, na chumba ndicho kilichopima nyumba.

Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Huko Amerika ya Kati, katika misitu ya Guatemala, watu wa Maya walijenga miji mikubwa kama Tikal. Nao walikuwa watu wa mawe ya chokaa: wakiyachonga, wakiyachoma, wakipiga lipu nyeupe juu ya mahekalu na viwanja vyao. Nao pia vyumba vyao vya mawe vilikuwa vyembamba, ila kwa sababu nyingine. Hawakutumia tao la kweli. Walipanga mawe ya pande mbili yakisogeleana kidogo kidogo hadi yakutane juu, na mtindo huo hauruhusu chumba kipana. Watu wawili wasiojuana, bahari mbili tofauti, na kila mmoja anatii kipimo alichopewa na vifaa vyake.

Tukirudi Songo Mnara, mji huo ulistawi katika karne ya 14 na ya 15, na mpango wake unaonekana wazi zaidi kwa sababu haukujengewa juu sana baadaye. Una ukuta, una misikiti kadhaa, una nyumba za mawe zilizopakana. Mgeni aliingia kwanza katika ua wenye ngazi za kukalia, akapokewa hapo. Mwenye nyumba hakumpitisha hovyo. Chumba kimoja kilifuata kingine kuelekea ndani, na kadiri ulivyoingia ndivyo ulivyofika penye siri za nyumba. Kuta zilikuwa na zidaka. Vyoo vilikuwamo humo humo ndani. Wale wanaotuambia kwamba usafi wa choo tuliletewa na wakoloni wangetembelea Songo Mnara.

Katikati ya mji huo pameachwa uwanja mpana. Zamani ilidhaniwa ni mahali patupu tu. Lakini utafiti ulioanza mwaka 2009 umeonyesha kwamba uwanja ule ulikuwa na kazi zake: kuna makaburi na msikiti mdogo, na upande mmoja ziligunduliwa alama za nyumba za miti na udongo. Kwa hiyo mji ulikuwa wa mawe na wa udongo pia. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu sana uzuri wa mji, lakini akasema nyumba zake ni za miti. Watu wengi wameshangaa. Mimi sishangai. Mawe yalikuwa ya wachache. Wengi waliishi katika nyumba kama zile tunazozijua wote vijijini kwetu.

Na hili lina uzito. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba miji ya pwani ilijengwa na wageni waliokuja na ufundi wao kutoka ng'ambo. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba chini ya majengo ya mawe ya Kilwa, walikuta makazi ya miti na udongo yanayorudi nyuma hadi karne ya 9. Mji haukushushwa kutoka jahazini. Ulikua hapo hapo, kizazi baada ya kizazi, ukapokea dini na mitindo ya ng'ambo, ukaigeuza kuwa yake.

Hata Husuni Kubwa, ambalo ndilo linaloshangaza kuliko yote, ni la namna hiyo. Ni jumba la vyumba zaidi ya 100, lina birika la kuogelea la pembe nane, lina ua wa kupokelea watu na ua mkubwa wa maghala. Ngazi zinateremka hadi baharini. Sultani aliweza kukaa, kuoga, kuhukumu na kupokea bidhaa mahali pamoja. Inaelekea halikumalizika kujengwa, na halikukaliwa muda mrefu. Fahari ya mkubwa mmoja ilikwisha naye. Mji wenyewe, uliojengwa kwa mahitaji ya wengi, uliendelea.

Hapo nikaukumbuka mji wetu wa Mtwara. Barabara zetu pana na viwanja vyetu vikubwa vilipimwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Mpango ulianza mwaka 1947, ukaachwa mwaka 1951. Mji ulichorwa kwanza, watu wakangojewa. Kilwa watu walitangulia, ramani ikawafuata.

Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zikianguka na bahari ikila ufukwe. Zilitolewa humo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Na ukarabati huo ulitumia nini? Chokaa, ndugu zangu. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na una chumvi ndani yake. Lipu ya chokaa huruhusu unyevu utoke. Saruji huufungia, chumvi hukusanyika nyuma yake, huganda, husukuma, na lipu hudondoka na mawe yake. Fundi mzee wa Mikindani alisema kweli tupu.

Lakini tusidanganyane kwamba njia ni rahisi. Chokaa ya zamani ilitoka kwenye mwamba ulio hai. Katika miaka ya 1990 kuchimba matumbawe kwa ajili ya tanuri za chokaa kulikuwa riziki ya watu wengi katika Ghuba ya Mikindani, na samaki wakakosa makao. Tangu mwaka 2000 tunayo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na ni haki kuilinda. Hatuwezi kuokoa nyumba ya bibi kwa kuua bahari ya wajukuu. Ipo chokaa itokanayo na mawe ya nchi kavu, nayo hufanya kazi ile ile. Na yapo mawe yaliyokwisha anguka, yanayoweza kurudishwa ukutani badala ya kuuzwa kwa kujazia misingi.

Hayo ndiyo nitakayomwambia mjomba kikao cha ukoo kitakapokaa. Nitamwambia pia kwamba kosa la saruji ni langu, na gharama ya kulisahihisha nitaibeba mimi. Akikataa, yeye ndiye mkubwa, nitatii. Ila kabla ya nyundo ya kwanza nitamwomba tuingie pamoja katika kile chumba kirefu chembamba, tuinue macho, tuzihesabu boriti.

Nanyi mlio na nyumba kama hiyo, Mikindani, Lindi, Kilwa Kivinje au kwingineko, muulizeni fundi mzee kabla ya kumwita mwenye tingatinga. Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.