Utangulizi: Kabla ya Kupekua Begi

Wengi wanaoingia katika elimu hii ya kuwakinga vijana na vepu na dawa za kulevya huja na jina la mtoto mmoja moyoni. Ni mama aliyekuta kidude cha plastiki chini ya godoro, au mwalimu wa zamu aliyechoka kuwatoa chooni wavulana wa kidato cha pili. Karibuni nyote. Hamhitaji shahada ya udaktari ili kuifuata, na mtaona mapema kwamba sehemu yake kubwa inatuhusu sisi watu wazima.

Tuanze na hicho kidude. Sigara ya kielektroniki, au vepu, tunayoijua leo ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa Kichina, Hon Lik. Ndani yake mna betri, waya mwembamba unaopata moto, na kimiminika chenye nikotini na ladha: embe, mnanaa, tikitimaji. Hakuna tumbaku inayoungua, kwa hiyo hakuna majivu wala kibiriti, na harufu yake hupotea chumbani baada ya dakika chache. Zipo vepu unazoweza kudhani ni kalamu za rangi, nyingine ukadhani ni flashi ya kompyuta, na nyingi huchajiwa kwa waya uleule wa simu. Mzazi aliyekulia enzi za sigara alizoea kunusa shati. Safari hii pua haimfikishi mbali.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 2015, kampuni ya Juul ilipoingiza sokoni Marekani vepu yenye chumvi ya nikotini. Zamani mtoto aliyevuta sigara yake ya kwanza alikohoa, akatokwa machozi, na wengi wakaishia hapo. Moshi wenyewe ulimfukuza. Asidi kidogo ikichanganywa na nikotini, ule mkereketo wa koo hupungua, na mvutaji mgeni huweza kuingiza kifuani kiwango kikubwa bila kukohoa. Katriji moja ya Juul ya mwanzo ilikuwa na nikotini inayokaribia ya pakiti nzima ya sigara. Ndipo vijana wakanaswa kabla hawajajiona kuwa ni wavutaji. Kufikia mwaka 2019, zaidi ya robo ya wanafunzi wa sekondari za juu za Marekani walisema wametumia vepu ndani ya siku 30 zilizopita. Na ubongo unaopokea nikotini hiyo bado unajijenga. Kazi hiyo huendelea hadi karibu miaka 25, na sehemu za kujizuia na kupima matokeo ndizo hukomaa mwisho.

Kwetu Afrika Mashariki vepu imeyakuta mengine yakiwa yamekwisha piga kambi: kuberi na ugoro, muguka, shisha iliyopigwa marufuku Kenya na Tanzania mwaka 2017, vidonge vya dukani, bangi iliyofichwa ndani ya biskuti, na unga, yaani heroini, ambao umezitesa familia za pwani yetu tangu miaka ya 1980. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta Wakenya walioonja tumbaku wakiwa na miaka 6 na pombe wakiwa na miaka 7. Anayemngoja mtoto aingie sekondari ndipo azungumze naye amechelewa.

Dalili zipo, na sura za mwanzo zitazieleza: macho mekundu ya bangi, mboni zilizonywea na kusinzia katikati ya maneno kwa anayetumia unga, kiu na kikohozi cha mvutaji wa vepu, na ukali unaomjia kila kipindi kinapokuwa kirefu. Lakini mtoto anayelala mno, aliyebadili marafiki na kushuka darasani, huenda anaonewa shuleni, au ana msiba ambao hajausema, au amebalehe tu. Dalili moja haitoshi kumhukumu. Hata kipimo cha mkojo, ambacho wazazi hukiulizia kabla ya jambo lingine lolote, kwa kawaida hakitafuti nikotini.

Sasa nije kwenye ugunduzi ninaouona kuwa uti wa mgongo wa elimu hii. Kwa miaka mingi watafiti waliamini kwamba mtoto anayefuatiliwa sana hutumia dawa za kulevya kidogo. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr, waliowachunguza vijana wa miaka 14 nchini Uswidi, waliuliza: huyu mzazi anayejua mambo ya mwanawe, ameyajuaje? Ikaonekana kwamba mengi aliambiwa na mtoto mwenyewe, kwa hiari yake. Kuhoji na kubana kulichangia kidogo. Wako waliowajibu baadaye kwamba masharti yanayoeleweka nayo yana kazi yake, na nakubaliana nao. Hata hivyo swali letu limegeuka tangu hapo: kwa nini mtoto atuambie?

Chukulia begi limekwisha pekuliwa, na vepu iko mezani. Baba anauliza, "Nani kakupa?" Mtoto hapo ana njia mbili, amchome mwenzake au adanganye, na atadanganya. Sasa baba ajaribu hili: "Ukiamka asubuhi, unakaa muda gani kabla ya kuvuta ya kwanza?" Swali hilo linatokana na kazi ya Karl Fagerström, aliyetunga kipimo cha utegemezi wa nikotini mwaka 1978, na kulijibu hakumtaji mtu. Anayevuta ndani ya dakika 5 za kuamka amekwisha kamatika, anahitaji msaada wa afya. Anayevuta Jumamosi tu na wenzake anahitaji mazungumzo mengine kabisa, pengine na wazazi wa hao wenzake.

Vitisho tumevijaribu vya kutosha. Mpango wa DARE wa kuzuia dawa za kulevya, uliowaingiza polisi madarasani Los Angeles kuanzia 1983, ulienea Marekani nzima, na tafiti zikakuta haukupunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Iceland walishika njia nyingine: wazazi wa shule moja waliwekeana ahadi, michezo ya vijana ikapewa ruzuku, saa za kuwa nje usiku zikawekewa sheria. Mwaka 1998 asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema walilewa mwezi uliotangulia. 2016 walikuwa asilimia 5. Ruzuku ina gharama, lakini wazazi wa mtaa mmoja kuwekeana ahadi hakuhitaji utajiri wa Iceland.

Kwa aliyekwisha zama katika unga, methadoni, dawa ya kutibu utegemezi huo, inatolewa Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, tangu 2011 na Kenya tangu 2014, na sura nzima imetengwa kwa ajili yake. Arosto ya nikotini, yaani mateso ya kuikosa, ni fupi zaidi: hupamba moto siku tatu za kwanza, kisha hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Mtoto akikubali kuacha, chagueni siku pamoja, mwalimu wake wa darasa ajue, na isiangukie wiki ya mtihani.