Kima cha Chini cha Mshahara: Nani Anafaidika, Nani Anabeba Mzigo?

Kima cha chini cha mshahara nchini kilipanda kwa asilimia 6 kuanzia tarehe 1 Novemba 2024, kufuatia tangazo la Rais William Ruto siku ya Leba Dei mwaka huo. Hata hivyo, wakazi wengi bado wanauliza: nyongeza hiyo inanihusu vipi?

Nani hupanga?

Serikali ya kaunti haina mamlaka hayo. Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007 inampa Waziri wa Leba jukumu hilo, baada ya ushauri wa mabaraza ya mishahara yenye wawakilishi wa wafanyakazi na waajiri.

Kiwango hutegemea kazi na mahali. Chini ya agizo hilo, mfanyakazi asiye na ujuzi maalumu, akiwemo msafishaji na mfanyakazi wa nyumbani, hulipwa takriban Sh16,113 kwa mwezi akiwa Nairobi, Mombasa au Kisumu. Katika miji midogo na vijijini, kazi iyo hiyo ni takriban Sh8,596. Ikiwa mwajiri hatoi makao, huongeza marupurupu ya nyumba ya asilimia 15, na jumla inafika takriban Sh9,885.

Kwa mfanyakazi

Nyongeza ya vijijini ni kama Sh486 kwa mwezi. Si nyingi, lakini inanunua pakiti mbili za unga. Tena pesa hizi hutumika papa hapa, kwa mama mboga na mwenye duka.

Kwa mwajiri

Mwenye hoteli ndogo aliye na wafanyakazi wanne huongeza takriban Sh2,240 kila mwezi, marupurupu ya nyumba yakiwemo. Michango yake ya NSSF na Nyumba za Bei Nafuu hupanda pia. Anaweza kupandisha bei ya chakula, kupunguza saa za kazi au kuahirisha kuajiri. Kwa upande mwingine, mfanyakazi anayelipwa vizuri hahamihami, na mwajiri huepuka gharama ya kufundisha mgeni kila mara. Hatari ni pale mshahara unapopita uwezo wa biashara: vijana wasio na ujuzi ndio hukosa kazi kwanza.

Kuna jambo jingine. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ziko katika sekta ya juakali, ambako ukaguzi ni nadra. Wengi wanaohitaji zaidi ulinzi huu ndio hawaupati.

Ufanye nini?

Kulipa chini ya kiwango ni kosa kisheria, hata kama mfanyakazi alikubali. Na kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, chini ya Sheria ya Ajira ya 2007.

Mfanyakazi, weka hati za malipo na jumbe za M-Pesa. Zungumza na mwajiri kwanza. Msipoelewana, nenda kwa afisa wa leba aliye karibu. Huhitaji wakili.

Mwajiri, ukilemewa, keti na wafanyakazi mkubaliane kuhusu saa za kazi, kisha muandikiane. Kukata mshahara kimyakimya huishia kortini, na malimbikizo yake huwa mzigo mkubwa kuliko nyongeza yenyewe.